Ndoto Iliyorudi Usiku wa Tatu

Mkata kuni alikuwa amechoka. Aliingia msituni asubuhi, si mbali na makao ya Kabaka Mawanda, mfalme wa Buganda, na giza lilipoanza kushuka akaona kurudi nyumbani ni kujitesa bure. Akatandika majani chini ya miti, akajilaza. Usingizini akasikia sauti ikimwelekeza: nenda mahali ambapo miti imesongamana na kuzunguka uwanja mdogo, karibu na kijito, huko utaona kitu kitakachokutajirisha na kukufanya mkubwa katika nchi. Alipoamka aliipuuza. Maskini haachi kuota utajiri. Usiku wa pili sauti ikarudi na maneno yaleyale. Ilipomjia usiku wa tatu, mkata kuni alishika njia.

Uwanjani alimkuta mzee mwenye ndevu nyeupe ameketi, na kila upande wake mashujaa waliovaa meupe, mikuki mikononi. Mzee akamhoji. Nchi hii ni nchi gani? Nani anaitawala? Na mfalme wake wa kwanza alikuwa nani? Mkata kuni alijibu huku akitetemeka kwamba wa kwanza alikuwa Kintu. Ndipo mzee akampa ujumbe: mwambie Mawanda aje hapa na mama yake na mbwa wake, asimlete mtu mwingine yeyote.

Mawanda aliamini. Usiku uleule akaondoka na mama yake, na mbwa nyuma yao. Lakini Katikkiro, waziri wake mkuu, aliona mfalme akitoka bila walinzi, akaingiwa na shaka, akawafuata kwa kunyatia. Walipofika uwanjani mzee akauliza: mbona umekuja na mtu? Mawanda akakana. Akaulizwa tena, akakana tena, maana kweli hakujua. Hatimaye Katikkiro akaonekana nyuma ya mti. Kwa hasira mfalme akamrushia mkuki, akamwua papo hapo. Alipogeuka, uwanja ulikuwa mtupu. Mzee hayupo, mashujaa hawapo. Mfalme akalia na mama yake akalia. Mkata kuni akatafuta na asipate kitu.

Mzee yule alikuwa Kintu mwenyewe, baba wa Buganda, ambaye masimulizi yanasema aliwaacha watu wake kwa sababu walizoea kumwaga damu. Alikuwa tayari kurudi. Damu ikamwagika mbele ya macho yake, akaondoka moja kwa moja.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye usiku wa tatu. Kwa nini ndoto haikutosha mara moja? Naona jibu limo ndani ya hadithi yenyewe: ndoto ilirudi kwa sababu ilikuwa haijapata wa kuisikiliza. Ilipompata, ikaacha kurudi. Baada ya hapo yaliyotokea yalitegemea msikilizaji na kile alichoshika mkononi.

Habari hii iliandikwa na msafiri Henry Morton Stanley, aliyefika kwa Kabaka Muteesa I mwezi Aprili 1875 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1878. Msimulizi wake alikuwa Mganda aitwaye Sabadu, hodari wa maneno. Stanley hakujua Kiganda. Daraja lilikuwa Kiswahili, lugha ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameifikisha Buganda pamoja na nguo, bunduki na Kurani, na ambayo Muteesa mwenyewe aliizungumza. Mkalimani aliyebaki na Kabaka baada ya Stanley kuondoka, Dallington Maftaa, alikuwa kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja. Kwa hiyo ndoto hii ya Uganda ilipita kinywani mwa Kiswahili kabla ya kuifikia dunia. Haitakuwa ya mwisho.

Neno lenyewe halikuhitaji mkalimani. Waganda husema ekirooto, sisi tunasema ndoto, na mzizi ni mmoja. Lakini kila mlango wa ua wa Muteesa ulikuwa na elimu yake ya ndoto. Kwa Waganda wa asili, ndoto ilikuwa njia ya mizimu: marehemu wa ukoo akikujia usingizini ana haja, na haja hiyo haizimiki kwa kujifunika shuka. Juu ya mizimu ya nyumbani walikuwapo balubaale, akina Mukasa wa visiwa vya Ssese na Kibuuka wa vita, waliosema kupitia vinywa vya waaguzi.

Waislamu walikuja na mpango mwingine. Mwalimu wa kwanza anayekumbukwa ni Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyefika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844. Katika mafundisho ya dini yake ndoto ni za aina tatu: ya kweli itokayo kwa Mungu, ya kutisha itokayo kwa shetani, na ile ya nafsi kuzungumza yenyewe kuhusu yaliyoishughulisha mchana. Ndoto njema umsimulie umpendaye. Ndoto mbaya usimsimulie mtu. Tema mate kidogo kushotoni mara tatu, jikinge kwa Mungu, geuka ubavu wa pili, ulale.

Wamisionari wa Kikristo, waliofika mwaka 1877, walikuja na Yusufu, ambaye Waislamu walikuwa naye tayari. Katika kitabu cha Mwanzo, Yusufu anamweleza Farao kwamba ndoto yake imekuja mara mbili kwa sababu jambo limekwisha kuamuliwa na Mungu, naye yu karibu kulitimiza. Ndoto inayojirudia, kwa maana hiyo, ni kama tarumbeta inayopigwa tena kwa wasiosikia vizuri.

Elimu hizo tatu hazikubaliani, ila zote zinajali jambo moja: nani aambiwe. Marehemu anataka ukoo umsikie. Mtume anakutaka umchague msikilizaji. Farao alimtoa mfungwa gerezani kwa sababu waganga wake wote walishindwa kuifasiri ndoto yake.

Mwaka uleule wa 1875 alipofika Stanley, mwezi Julai, huko Uswisi alizaliwa mtoto wa mchungaji aliyeitwa Carl Gustav Jung. Miaka hamsini baadaye, mwezi Novemba 1925, Jung alishuka Mombasa akiwa tayari ni daktari wa akili mwenye jina duniani, aliyegombana na mwalimu wake Sigmund Freud, pamoja na mengine juu ya jambo hili la ndoto. Freud, katika kitabu chake kilichotoka Novemba 1899, alisema ndoto ni haja iliyofichwa inayojitimiza kwa siri. Jung aliona hiyo ni nusu ya habari. Alitaka kujua watu ambao Ulaya haijawagusa sana wanaota nini, na safari yake ikamfikisha kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Alikuwa na Kiswahili cha kubahatisha na kamusi ndogo. Kila siku waliitisha shauri, na alilitumia neno hilohilo. Wenyeji, watu wa jamii tunayoiita leo Wasabaot, walikaa naye kwenye vigoda wakizungumza mpaka wachoke. Waliongea kuhusu ng’ombe, jua na mizimu ya usiku. Lakini alipouliza kuhusu ndoto, shauri lilikauka. Akajaribu kuwapa zawadi ndogondogo, sigara, viberiti, pini. Hakupata ndoto hata moja. Mtu akimwuliza mwenzake ameota nini huku ameshika kiberiti mkononi, tayari hiyo ni biashara, na si kila kitu kina bei.

Hatimaye akapelekwa kwa laiboni, mganga mzee, aliyekuja amejifunika joho zuri la ngozi za kima. Jung akamwuliza kuhusu ndoto zake. Machozi yakamlengalenga mzee. Zamani, alisema, malaiboni waliota, wakajua kama kuna vita au maradhi, kama mvua itanyesha, na mifugo ielekezwe wapi. Babu yake alikuwa bado akiota. Tangu wazungu waje, hakuna aotaye tena. Ndoto za nini, wakati Waingereza wanajua kila kitu?

Jung aliiweka kumbukumbu hiyo katika kitabu cha maisha yake, akaelewa kwamba nafasi ya laiboni ilikuwa imechukuliwa na mkuu wa wilaya. Watu hao walimfundisha pia kwamba kuna ndoto ndogo, ya mtu wa kawaida na shughuli zake, na ndoto kubwa, ambayo humjia mganga au mtawala na huwahusu watu wote. Ndoto kubwa hutangazwa. Ndogo haina anayeijali.

Mgeni mwenyewe naye aliota. Katika safari yote ile aliota mtu mweusi mara moja tu: kinyozi wake wa zamani wa Chattanooga, huko Marekani, akimsogezea kichwani chuma cha moto ili nywele zake zijikunje. Jung aliamka kwa hofu, akaichukulia kuwa onyo kwamba Afrika inataka kummeza. Daktari aliyewapimia wengine ndoto zao kwa kamusi alikuwa anaogopa bara zima kupitia kinyozi mmoja. Kutoka hapo akapita Jinja, akafuata Nile kwenda kaskazini. Mzee akabaki na joho lake.

Lakini mzee alikosea jambo moja. Ndoto kubwa haikufa. Ilihamia kwa aliyeshika madaraka, ikamngoja afisa mwingine ajifunze Kiswahili.

Idi Amin aliingia jeshi la King’s African Rifles mwaka 1946, jikoni, akiwa msaidizi wa mpishi. Lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili, kile cha kambini chenye amri nyingi na sarufi chache, na kilipanda naye cheo kwa cheo hadi tarehe 25 Januari 1971 alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda. Mwaka 1973 akakifanya lugha ya taifa.

Tarehe 4 Agosti 1972, kwenye kambi ya jeshi ya Tororo, Amin aliwatangazia askari kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza lazima waondoke. Katika maelezo yaliyofuata alisema Mungu alimjia katika ndoto na kumwamuru achukue hatua mara moja. Muda waliopewa ulikuwa siku 90, na mwisho ukawekwa tarehe 8 Novemba.

Mtu wa kawaida akiota, humwambia mkewe wakati wa chai. Rais akiota, watu hufunga mizigo. Kwenye Barabara ya Kampala maduka yaliyokuwa ya familia kwa vizazi viwili na vitatu yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Foleni zikajipanga kwenye ofisi za balozi tangu alfajiri. Kila familia iliruhusiwa kutoka na pauni chache za Uingereza, na njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe ilikuwa na vizuizi vya askari vilivyopunguza hata hizo, na saa za mkononi, na bangili za wanawake. Ndege ya kwanza ya kuwahamisha ilitua Stansted, Uingereza, tarehe 18 Septemba. Uingereza ilipokea watu wapatao 28,000. Maelfu wengine walikwenda Kanada, India na nchi nyinginezo, na wasio na uraia wa nchi yoyote walitawanywa na Umoja wa Mataifa katika Ulaya.

Angalia tofauti. Ndoto ya mkata kuni ilihitaji usiku tatu ili yeye mwenyewe aiamini. Ndoto ya Amin haikuhitaji hata usiku wa pili. Ilisemwa ikawa sheria, kwa kuwa aliyeota ndiye aliyekuwa na mkuki. Hakuna aliyeweza kumwuliza alikula nini kabla ya kulala. Aliendelea kuzitumia ndoto zake kama ngao: aliwaambia waandishi wa habari kwamba amekwisha kuonyeshwa ndotoni siku na namna atakavyokufa, kwa hiyo wanaopanga kumwua wanajichosha. Alikufa hospitalini Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003. Kama ndiyo siku aliyoonyeshwa, alikwenda nayo.

Ndoto yake ilipokwisha kusemwa, ndoto za wengine zikaanza. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa kutoka mahakamani mchana kweupe. Mwezi uliofuata akatoweka Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Vijana wa usalama wenye miwani myeusi waliwatia watu kwenye buti za magari na kuwapeleka kwenye kilima cha Nakasero. Mwaka 1974 serikali iliunda tume ya kuchunguza waliotoweka. Tume ikasikiliza, ikaandika, na watu wakaendelea kutoweka. Huo nao ni usikivu wa aina yake, wa kumsikiliza mkata kuni huku mkuki umeinuliwa.

Jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na mji ukawaita askari wa Tanzania kwa neno la Kiswahili ulilolivalisha kiambishi cha Kiganda: bakombozi. Furaha haikudumu. Katika utawala wa pili wa Obote, baina ya 1980 na 1985, mji ulijifunza maneno mengine mawili: panda gari. Askari walizingira mtaa alfajiri, wakawatoa watu majumbani, wakawapakia kwenye malori wakakaguliwe. Wengine walirudi jioni, wengine hawakurudi. Neno la amri likageuka jina la tukio. Mpaka leo wazee wa Kampala husema, ilikuwa wakati wa panda gari, kama wengine wasemavyo, ilikuwa wakati wa njaa.

Nilipata kupanga chumba huko Nsambya kwa bibi mmoja ambaye sote uani tulimwita Jjajja. Alikuwa na mashine ya kushona, mbuzi wawili, na ndoto moja. Usiku wa mvua, lori la mchanga likibadili gia kwenye mlima, asubuhi yake ningemkuta kibarazani kabla ya jua, akimenya matoke kwa kisu kidogo, macho mekundu. “Limekuja tena,” angesema, wala hakuhitaji kueleza nini.

Katika ndoto yeye ni msichana. Lori limesimama mlangoni, injini inanguruma, na mtu asiye na uso anasema maneno yale mawili. Kinachomwudhi zaidi, alisema, ni kwamba akiwa macho hana Kiswahili hata cha kununulia chumvi. Aliapa zamani kutokijifunza. “Lakini ndotoni, mwanangu, nakisema kukushinda wewe. Nawasihi kwa Kiswahili safi kabisa. Nikiamka sina hata neno.”

Watu wengi huwa na ndoto inayowarudia katika kipindi fulani cha maisha. Kwa wengi ni ya kukimbizwa, kuchelewa mtihani, kuanguka, kung’oka meno. Wanaochunguza usingizi wameona kwamba nyingi kati ya hizo zina hofu ndani yake, na kwamba huwa zinapungua lile linalomsumbua mtu likipata ufumbuzi. Ndoto za aina hiyo tuna haki ya kuziita, kama walivyosema Waislamu wa ua wa Muteesa, mazungumzo ya nafsi.

Ya Jjajja ni nyingine. Ni tukio lenyewe linalorudi. Freud aliligundua jambo hili akiwa amechelewa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alipoona askari wakirudishwa kila usiku kwenye handaki lilelile. Hakuna mtu anayetamani handaki. Mwaka 1920 alikiri katika maandishi kwamba ndoto hizo hazitoshei kwenye nadharia yake ya haja iliyofichwa. Mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Amin kukimbia, madaktari wa akili wa Marekani waliipa hali hiyo jina rasmi katika mwongozo wao wa maradhi, na ndoto inayojirudia ikawa mojawapo ya dalili zake kuu. Hospitali ya Butabika, upande wa mashariki wa Kampala kando ya Ziwa Viktoria, ilikuwa na miaka 25 wakati huo. Mji uliokuwa na wagonjwa wa namna hiyo mtaa kwa mtaa haukuwa na jina la ugonjwa wao.

Mojawapo ya maelezo yanayotolewa sasa ni haya. Kumbukumbu ya kawaida huja na anwani yake: ilikuwa wapi, lini, nini kilitangulia, nini kilifuata. Kumbukumbu ya hofu kuu huhifadhiwa vipandevipande, sauti ya injini, harufu ya dizeli, baridi ya alfajiri, bila tarehe. Kwa kuwa haina tarehe, akili haijui kwamba imekwisha pita. Kipande kimoja kikiguswa, vyote huamka, na jambo la mwaka 1982 linatokea leo usiku. Kumbe ndoto inarudi kwa sababu ndani ya kichwa cha mwenye nayo lori halijaondoka mlangoni.

Ikiwa hivyo ndivyo, dawa yake ni kulipa tukio tarehe, na tarehe hupatikana kwa kusimulia. Mwaka 1986 serikali mpya ya Uganda iliunda tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu chini ya Jaji Arthur Oder. Ilizunguka nchi kwa miaka mingi, watu wakasimama na kusema, na ripoti ikatoka mwaka 1994. Waliobahatika kusimama mbele yake ni wachache. Jjajja hakusimama. Alikuwa na nguo za watu za kushona.

Kusini-magharibi mwa nchi, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watafiti kutoka Ujerumani walijaribu njia waliyoiita tiba ya masimulizi. Mgonjwa hunyoosha kamba sakafuni, ndiyo maisha yake. Palipo na furaha huweka ua. Palipo na jeraha huweka jiwe. Kisha, kikao baada ya kikao, husimulia kutoka mwanzo wa kamba, na akifika kwenye jiwe hapiti haraka: husema alichoona, alichosikia, alichohisi, mpaka jiwe litulie mahali pake. Sehemu ya kamba iliyobaki haijanyooshwa, kwa kuwa maisha hayajaisha. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusu Wanyarwanda na Wasomali 277, wasikilizaji walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo kwa muda mfupi, na wagonjwa walipata nafuu. Haikuhitaji laiboni, wala mkuu wa wilaya. Ilihitaji mtu wa kukaa chini bila haraka.

Kampala ya leo ina kazi hiyo tele. Mitaa ya Katwe, Nsambya na Makindye imejaa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu na Ituri, na Jumapili makanisa yao yanasikika kwa Kiswahili kutoka mbali. Kwa wengi wao lugha hii ni ya mama na ya maombi, ndiyo wanayoililia na ndiyo wanayofarijiana kwayo. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na baadhi ya wazee wa mji wakatikisa vichwa. Sikuwalaumu. Ukuta mmoja tu unaweza kumtenga mama wa Bukavu anayebembeleza mtoto kwa Kiswahili na bibi wa Kiganda ambaye kila akisikia Kiswahili usiku hutafuta viatu.

Kuna njia nyingine ya kutibu ndoto, iliyopimwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001. Mwenye ndoto huisimulia akiwa macho, kisha huibadilisha apendavyo, mwisho mpya, neno jipya, chochote, na kuirudia ndoto hiyo mpya kila siku kwa dakika chache. Mimi si daktari. Nilimweleza Jjajja siku moja kama habari tu niliyoisoma, naye akacheka akasema wazungu hawana kazi.

Baada ya siku tatu hivi, nikiwa nanawa uso bombani, akaniita. Alikuwa na beseni la maharage mapajani, anachambua, mawe pembeni, maharage pembeni.

“Mwanangu, ‘panda gari’ nikitaka kuikataa kwa Kiswahili nasemaje?”

“Sipandi, Jjajja.”

“Hivyo tu? Neno moja?”

“Neno moja.”

Akalijaribu. Mara ya kwanza lilitoka kwa sauti ya kuomba radhi. Mara ya pili likatoka vizuri kidogo. Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa uani, akasema kwa mara ya tatu, kwa sauti iliyowafanya mbuzi wageuke.

“Sipandi.”